Sura ya Saba: Bunduki ya Babu Ina Thamani Gani?

Swali hili huja baada ya matanga. Nguo za marehemu zimeshagawanywa, hati za kiwanja zimeonekana, na uvunguni mwa kitanda, ikiwa imeviringishwa kwenye shuka kuukuu, inatolewa bunduki ya mitutu miwili ambayo hakuna mjukuu aliyepata kuisikia ikilia. Ami mmoja anasema ni ya Kiingereza. Shangazi anakumbuka kwamba mzee aliachiwa na mwajiri wake wa shambani alipokuwa akirudi kwao. Kijana aliyekaa karibu na mlango ndiye anayeuliza lile ambalo wengine wanalionea haya: ikiuzwa, itatoa shilingi ngapi?

Hivyo hivyo huulizwa katika nyumba za wakulima wa Ohio na wa Yorkshire, ambako bunduki za namna hii zimejaa makabatini.

Inayozungumzwa hapa ni ile ambayo wengi huiita shotigani, yaani bunduki ya marisau. Marisau ni vipira vidogo vya madini ya risasi, vingi ndani ya ganda moja, vinavyotawanyika vinapotoka mdomoni mwa mtutu. Ni silaha ya kuwinda kanga na kwale. Ndani ya mtutu wake ni laini kama bomba la maji, tofauti na raifali ambayo mtutu wake una mifuo ya kuizungusha risasi.

Jibu la kwanza huwavunja moyo warithi wengi: umri peke yake haununui kitu. Kati ya 1880 na 1914 viwanda vya Birmingham, vya Liège nchini Ubelgiji na vya mashariki mwa Marekani vilizitoa bunduki hizi kwa wingi mkubwa, na nyingi zilikuwa za bei ya chini tangu siku zilipotoka kiwandani. Hazikupanda daraja kwa kuzeeka. Lakini miongoni mwao zimo chache zenye thamani ya nyumba, na kwa macho ya mtu asiyezijua, aina hizi mbili zinaweza kufanana sana.

## Kabla ya bei, usalama na sheria

Bunduki iliyokutwa uvunguni ihesabiwe kuwa ina risasi ndani mpaka mtu anayeijua aifungue na kuthibitisha. Wazee wengi waliiweka ikiwa tayari kwa ajili ya nyani wa shambani au mwizi wa usiku, kisha wakafariki bila kumwambia mtu. Watoto wakae mbali, na asiwepo wa kupiga picha akiwa ameielekezea mwenzake.

La pili ni sheria. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na nchini Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, anayekaa na bunduki anatakiwa kuwa na leseni yake mwenyewe. Leseni ya marehemu hairithiwi pamoja na silaha. Msimamizi wa mirathi aende kwanza kituo cha polisi akiwa na cheti cha kifo na leseni ya marehemu kama ipo, huku bunduki akiiacha nyumbani, aulize itakabidhiwaje. Kuibeba kwenye daladala au matatu ili kuitafutia mnunuzi ni kujitafutia kesi.

Kwingineko masharti ni tofauti. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1968 huihesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla yake, na kuilegezea masharti, ingawa majimbo yana sheria zao. Uingereza ni wakali zaidi: shotigani ya kawaida ya kaliba 12, hata ikiwa ya 1885, huhitaji hati.

Kaliba ni hesabu ya siku za mizani. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe iwe vipira 12 vilivyo sawa. Upana wa kipira kimoja ndio upana wa mtutu wa kaliba 12, kiasi cha milimita 18.5. Ukiigawa mara 20 vipira vinakuwa vidogo zaidi, na ndiyo maana kaliba 20 ni nyembamba kuliko 12.

## Je, ni shotigani kweli?

Katika nyumba za Afrika Mashariki, hasa Pwani na barani kwenye njia za zamani za misafara, kilichorithiwa huenda si shotigani ya kisasa hata kidogo. Lugha yetu imehifadhi majina yanayozitenganisha. Gumegume ni bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe. Gobore hujazwa baruti na risasi kwa mdomoni, kisha huwashwa kwa fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka kinapogongwa. Shotigani inayozungumzwa hapa hukunjwa kiunoni kwa bawaba, na risasi zake huingizwa kwa nyuma.

Kuna sababu ya kihistoria ya gumegume kubaki huku muda mrefu baada ya Ulaya kuziacha. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha mpya kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, lakini ukaruhusu bunduki za jiwe zenye mitutu laini pamoja na baruti ya kawaida. Silaha zilizochakaa kwingine zikawa ndizo halali za kumuuzia Mwafrika. Bunduki ya namna hiyo ina thamani kwa makumbusho na kwa historia ya ukoo, lakini si hiyo ambayo wanunuzi wa shotigani za kale wanaitafuta.

## Jina lililochongwa

Mrithi akishajua kwamba ni shotigani, kwa kawaida hukimbilia jina. Huandikwa kwenye bamba la ubavuni au kwenye utepe wa chuma unaounganisha mitutu miwili kwa juu. Majina machache hubadilisha hesabu nzima: Purdey na Holland & Holland wa London, Westley Richards na W. W. Greener wa Birmingham, na kwa Marekani Parker wa Meriden, Connecticut, au A. H. Fox wa Philadelphia. Hata hapo jina halitoshi. Parker huyohuyo alitoa bunduki za daraja la chini zisizo na mapambo na za daraja la juu zilizojaa nakshi, na bei zake hazikaribiani.

Anwani iliyochongwa wakati mwingine husema mengi kuliko jina. Purdey walihamia Audley House, mtaa wa South Audley, na kufungua duka hapo mwanzoni mwa 1883. Bunduki yao yenye maandishi ya 314½ Oxford Street, ikiwa ni ya kweli, ilitengenezwa kabla ya hapo. Mstari mmoja wa anwani unaweza kumpa mrithi makadirio ya umri ambayo familia nzima haikuyajua.

Hapa ndipo penye mtego uliowaumiza wengi. Wafanyabiashara wa Ubelgiji walipeleka Marekani maelfu ya bunduki rahisi zenye majina yanayokaribiana na ya mabingwa. Nyingi zilizoandikwa "W. Richards" zilitoka Liège, na mnunuzi aliachwa aamini kwamba ndiye Westley Richards. Marekani kwenyewe, kiwanda cha Crescent cha Norwich, Connecticut, kilitengeneza bunduki zenye majina ya biashara zaidi ya 100, kila duka la vifaa vya chuma likichagua jina lililolipendeza. Mrithi akilikuta jina la Kiingereza lenye heshima lakini hakuna mji wala mtaa, asubiri kwanza kufurahi.

## Mihuri iliyofichwa chini ya mitutu

Ushahidi ulio mgumu zaidi kughushi hauonekani bunduki ikiwa imefungwa. Fundi huitenganisha mitutu na kitako, kisha huigeuza. Kwenye sehemu bapa za chini, karibu na pale risasi zinapoingia, kuna vialama vidogo: mataji, herufi, namba. Hiyo ndiyo mihuri ya majaribio.

Jaribio lenyewe linaeleweka kwa urahisi. Kabla ya kuuzwa, mtutu hupelekwa kwenye nyumba ya serikali au ya chama cha mafundi, ukapigwa kwa shindilio kubwa kuliko la kawaida. Ukistahimili, hupigwa muhuri. Ukipasuka, hasara ni ya fundi wala si ya jicho la mnunuzi. Liège walianza kazi hiyo 1672. Mafundi wa London walikuwa na chama chao tangu 1637, na Birmingham walipata nyumba yao ya majaribio kwa sheria ya 1813. Marekani haijapata kuwa na nyumba ya taifa ya namna hiyo. Kila kiwanda kilijithibitishia chenyewe, na kwa hiyo bunduki ya Kimarekani husomwa zaidi kwa namba zake kuliko kwa mihuri.

Mihuri hutaja nchi na mara nyingi hutaja miaka:

- Herufi ELG ndani ya duara la yai: Liège. Kuna taji juu yake? Basi ni 1893 au baadaye.
- Maneno NOT FOR BALL: Uingereza, kati ya 1875 na 1887. Yalimwonya mwenye bunduki kwamba mdomo wa mtutu umebanwa kidogo ili marisau yasitawanyike upesi, na kwamba asipige risasi ya duara moja nzima.
- Herufi NP zenye taji kwa Birmingham, au simba aliyesimama juu ya herufi PV kwa Liège: mtutu ulijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi.

Muhuri wa mwisho katika orodha hii ndio unaoamua kama bunduki ni chombo cha kutumika au kumbukumbu ya ukutani.

## Mitutu yenye mawingu

Mtu akiuona mtutu wenye mistari ya hudhurungi na kijivu inayojisokota kama moshi wa udi, ameona chuma cha Damaski. Jina ni la mji wa Shamu, lakini mitutu mingi ya namna hii ilitoka katika mabonde ya Liège. Wahunzi walizichukua fito za chuma laini na za chuma cha pua, wakazisokota pamoja kama kamba ya katani, wakazipasha moto, wakazizungushia kwenye mhimili wa chuma na kuzipiga nyundo mpaka zikaungana kuwa bomba moja. Mistari ile ndiyo mipaka ya vyuma viwili, iliyotokezwa kwa tindikali na kutu ya makusudi. Kazi hii ilidai mikono ya watu kadhaa kwenye moto mmoja, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa karibu kufa. Yeyote anayeithamini kazi ya mhunzi anapaswa kuutazama mtutu wa namna hii kwa muda kabla ya kuuliza bei.

Lakini urembo huo una hatari yake. Mitutu mingi ya Damaski ilitengenezwa kwa baruti nyeusi, ile yenye moshi mwingi. Risasi za kisasa zina baruti nyingine, na mrithi hawezi kuujua kwa macho udhaifu ulioingia katika maungio mengi ya chuma kwa miaka 130. Kutu inaweza kuwa imekula kwa ndani, kando ya mstari mmoja tu.

Kuna pia suala la urefu. Nyingi za bunduki hizi zilikatiwa chumba cha risasi cha inchi mbili na nusu, yaani karibu milimita 65. Risasi zinazouzwa sana leo ni za milimita 70. Huingia bila shida, na hapo ndipo mtu anapodanganyika, kwa sababu ganda hupimwa likiwa limefunguka. Likilipuka, mdomo wake uliokunjwa hukunjuka na kukosa nafasi, na mgandamizo wa hewa hupanda ndani ya mtutu ambao haukujengewa nguvu hizo.

Kwa ufupi: bunduki ya urithi isipigwe "kujaribu tu". Ipimwe kwanza na fundi wa bunduki mwenye vipimo.

Jambo moja zaidi kwa anayetaka kununua: zipo bunduki za bei ya chini ambazo mistari yake ilichorwa tu juu ya chuma cha kawaida. Kuitazama sehemu iliyofichwa chini ya mbao ya mbele mara nyingi hutosha. Chuma cha kweli kina mistari mpaka huko. Cha kuchorwa mara nyingi huishia pale jicho la mnunuzi linapoishia.

## Fundi anatazama nini

Fundi mzoefu huanza kwa sikio. Huining'iniza mitutu miwili kwa kulabu yake, akaigonga taratibu kwa ukucha au kijiti. Ikilia kama kengele, utepe unaoiunganisha umeshikamana vizuri. Ikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, lehemu imeachia mahali fulani, na huenda maji yameingia katikati na kutu inafanya kazi isikoonekana.

Kisha huielekeza mitutu kwenye mwanga na kuchungulia. Vivuli vya ndani hukatika palipobonyea, na pete nyeusi huonyesha palipovimba. Vishimo vidogo vya kutu karibu na mdomo vinavumilika; vikiwa karibu na chumba cha risasi, ambako nguvu ni kubwa, ni habari mbaya. Kwa kipimo maalumu hupima unene wa ukuta wa mtutu. Wafanyabiashara wa Uingereza hawapendi ukuta ulio chini ya sehemu 20 kati ya 1,000 za inchi, kiasi cha nusu milimita. Hiyo ni nyembamba kuliko kadi ya benki.

Baada ya hapo huirudisha mitutu, akaiondoa mbao ya mbele, akaitikisa. Mchezo wowote kwenye bawaba, au mwanga unaopenya kati ya mitutu na ukuta wa nyuma, unasema kwamba bunduki imetumika sana. Hurekebishika, lakini kwa gharama ambayo bunduki ya daraja la chini hairudishi.

Mengine mrithi anaweza kuyaona mwenyewe bunduki ikiwa imethibitishwa kuwa tupu:

- Midomo ya mitutu. Bunduki nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na mitutu inayogusana au kukaribiana sana mdomoni. Pengo kubwa ni dalili kwamba ilikatwa.
- Mstari mwembamba unaouzunguka kila mtutu, inchi chache kutoka nyuma. Mitutu ya asili ilikatwa na mipya kuchomekwa. Bunduki inaweza kuwa salama kabisa, ila bei yake imeshuka.
- Namba za mitutu, za mwili na za mbao ya mbele. Zikitofautiana, ni bunduki mbili zilizooana.
- Vichwa vya skurubu. Mafundi wa Kiingereza waliipanga mifereji yote ielekee upande mmoja na mtutu. Iliyochanika inasimulia juu ya bisibisi ya mtu asiyejua.
- Shingo ya kitako, pale mkono unaposhika. Ufa hupenda kuanzia hapo, hasa mbao ikiwa imenyweshwa mafuta miaka mingi.

Tarakimu 1 au 2 ya dhahabu kwenye utepe wa juu nayo si pambo. Ina maana kwamba bunduki ilizaliwa pacha. Jozi kamili ndani ya kasha lake huuzwa kwa zaidi ya bunduki mbili za pekee, na familia zilizogawana pacha kati ya watoto wawili wa kiume zimeipunguza mirathi yao bila kujua.

## Mkono na usiisugue

Hakuna kinachopoteza fedha haraka kama usafi wa nia njema. Mrithi hununua msasa na dawa ya kung'arisha, akashinda Jumamosi nzima akisugua, na jioni bunduki inang'aa kama kijiko kipya. Alichokiondoa ni ngozi ya asili: rangi za buluu, kahawia na majani makavu ambazo chuma kilipewa kwa kuokwa ndani ya mkaa wa mifupa na ngozi. Huko Marekani bei ya bunduki ya kale hupangwa kwa kukadiria asilimia ya rangi ya kiwandani iliyobaki. Ikishafutika hairudi, na rangi mpya hutambulika upesi na wanunuzi.

Kinachoruhusiwa ni kitambaa laini chenye mafuta mepesi kidogo juu ya chuma, na mahali pakavu. Ala ya ngozi si mahali pa kuihifadhi. Ngozi huvuta unyevu, na hewa ya Pwani ina chumvi ya kutosha.

## Hadithi yenye karatasi

Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyetoka kwenye urais wa Marekani wiki chache tu kabla, alishuka Mombasa kuanza safari ndefu ya kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian. Katika mizigo yake ilikuwamo shotigani ya A. H. Fox ya kaliba 12, ya daraja la juu, aliyopewa zawadi na mwenye kiwanda. Roosevelt alimwandikia barua ya kuisifu. Mwaka 2010, katika mnada wa Maine, bunduki hiyo iliuzwa kwa dola 862,500.

Fox ya daraja hilo ni ghali hata bila rais. Kilichoipaisha mpaka hapo ni kwamba hadithi yake haikuhitaji kuaminiwa kwa mdomo: zilikuwapo barua, namba na maandishi ya safari yenyewe.

Familia ya kawaida haina barua ya rais, lakini inayo namba. Purdey, Holland & Holland na Westley Richards wametunza vitabu vyao vya zamani, na kwa ada wanaweza kueleza bunduki ilikamilika mwaka gani na mara nyingi aliyeiagiza ni nani. Kwa Winchester, kumbukumbu nyingi za kiwanda zipo katika makumbusho ya silaha ya Cody, Wyoming. Chama cha wapenzi wa Parker nacho hutoa barua za utafiti. Risiti, leseni za kikoloni, picha ya babu akiwa na bunduki begani, hata kibandiko cha duka ndani ya kifuniko cha kasha: vyote viwekwe pamoja nayo.

## Bei ipi?

Bunduki moja ina bei tatu, na warithi hugombana kwa sababu kila mmoja ameisikia moja. Ya bima ndiyo ya juu, kwa kuwa ni gharama ya kutafuta nyingine kama hiyo. Ya mnada ni ile ambayo watu wawili waliokuwapo siku hiyo walikubali kushindania, na mwenye mnada hukata kamisheni yake. Ya muuza silaha anayenunua ili auze tena ndiyo ya chini, na si lazima awe mwizi. Ana leseni, ghala na fundi wa kulipa. Atakayetaka kugawa mirathi kwa haki aombe makadirio ya maandishi, aeleze ni kwa ajili ya mirathi, na asikubali tathmini ya mtu ambaye papo hapo anataka kuinunua.

Yote hayo yanaweza kungoja mwezi. Lisiloweza kungoja ni kumbukumbu za wazee. Kama yuko bibi au ami aliye hai anayejua bunduki hiyo ilikotoka, aulizwe wiki hii: nani aliileta, mwaka gani, kutoka kwa nani. Maneno yake yaandikwe pamoja na namba iliyo kwenye chuma, yatiwe tarehe, naye atie sahihi yake.